Maonyesho ya Rangi Moja: Unaangalia Nini Hasa?

Picha ya mchoro wa buluu tupu ikianza kusambaa kwenye simu, maneno yanayoifuata tunayajua. Mmoja anauliza kama mchoraji aliishiwa rangi nyingine. Mwingine anasema mwanawe wa darasa la pili angeimaliza kazi hiyo kabla ya chai ya saa nne. Wa tatu, akisikia bei yake, anasema huo ni wizi wa wazi. Na hapa Kampala, mtu akialikwa kwenda kuona maonyesho yaliyojengwa juu ya rangi moja, iwe nyekundu, nyeusi au kahawia, swali lake la kwanza ni hilo hilo kwa lugha ya upole: naenda kuangalia nini?

Swali hili ni la haki. Watu wa sanaa wamezoea kulijibu kwa maneno mazito yanayomwacha muulizaji akijiona hastahili kuwa pale. Naamini hiyo ni sababu mojawapo ya wengi kupita nje ya Nommo Gallery kule Nakasero, galari ya taifa iliyoanzishwa 1964, bila kuingia hata siku moja. Hebu tulijibu swali hili kwa kuanzia chini.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa. Mchoro wa rangi moja ni turubai au ubao uliopakwa rangi moja tu, bila mtu, bila mti, bila nyumba. Maonyesho ya rangi moja ni kitu kingine: ni vitu vingi, mara nyingi vya wasanii wengi, vilivyokusanywa kwa sababu vinashiriki rangi hiyo. Humo unaweza kukuta mchoro, vazi, chungu, kikapu na picha ya kamera vikikaa chumba kimoja. Mchoro ni kazi ya msanii. Maonyesho ni kazi ya msimamizi, yule anayechagua vitu na kuamua kipi kikae karibu na kipi. Unaweza kupenda kimoja na kuchoshwa na kingine, wala si kosa. Ila vyote viwili vinasimama juu ya wazo moja: ukiziondoa rangi nyingine zote, ile iliyobaki inaacha kuwa kitu kimoja. Ndipo inapoanza kuonekana kuwa imeundwa na unga, mwanga, jicho la anayetazama, na kumbukumbu za watu.

Tuanze na mwanga. Mpelekee fundi cherehani kitambaa cha gomesi, lile gauni refu la akina mama wa Uganda, ulichonunua Kiyembe, mtaa wa wauza vitambaa hapa Kampala, umwambie atafute uzi wa rangi hiyo hiyo. Fundi anayejua kazi hatachagua chini ya taa ya duka. Atachukua kitambaa na nyuzi tatu nne, atoke navyo hadi mlangoni kwenye jua, kwa sababu uzi uliofanana na kitambaa kule ndani unaweza kutofautiana nacho nje. Nyuzi zote zile ni za kijani na hakuna atakayebisha. Lakini fundi anaona kijani kadhaa, na anajua kimoja tu ndicho kitakachokaa kwenye mshono bila kupiga kelele. Maonyesho ya rangi moja yanakuweka pale mlangoni alipo fundi.

Sababu yake ni hii. Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa mawimbi ya urefu mbalimbali, na jicho la binadamu huona yale yaliyo kati ya takriban nanomita 400 na 700 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kila kitu humeza baadhi ya mawimbi hayo na kurudisha mengine. Kitambaa chekundu hurudisha zaidi yale marefu. Taa ya umeme haitoi mawimbi yote kwa kiasi kile kile cha jua, kwa hiyo vitu viwili vilivyotiwa rangi kwa kemikali tofauti vinaweza kulingana chini ya taa na kuachana juani. Hivyo basi, mtu anayesema “nimeshauona mchoro ule” baada ya kuuona kwa dakika moja chini ya taa moja, ameona hali moja tu ya mchoro huo.

Sasa tuje kwenye buluu yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo kuna hadithi tamu kuliko zote.

Buluu ile inayosambaa kwenye simu mara nyingi ni ya Yves Klein, Mfaransa aliyefariki 1962 akiwa na umri wa miaka 34 tu. Mwaka 1957 alitundika katika galari moja ya Milan mbao 11 za buluu, zote za ukubwa sawa. Unga aliotumia huitwa ultramarini. Kwa karne nyingi unga huo ulipatikana kwa kusaga jiwe la lapis lazuli, lililochimbwa katika milima ya Badakhshan, Afghanistan, na kusafirishwa mbali hadi Ulaya. Bei yake ilishindana na ya dhahabu, na wachoraji wa makanisa waliuweka akiba kwa ajili ya joho la Bikira Maria. Kisha 1824 chama kimoja cha kuhimiza viwanda nchini Ufaransa kikatangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa yeyote atakayetengeneza unga ule kiwandani kwa gharama nafuu. Jean-Baptiste Guimet aliichukua zawadi hiyo 1828. Alichohitaji ni udongo mweupe wa kaolini, soda, salfa na tanuri. Bei ikaanguka, na rangi iliyokuwa ya watakatifu ikaingia sokoni.

Ikaingia hadi kwenye beseni la kufulia. Ile buluu ya kufulia ambayo wazee wetu waliifunga kwenye kipande cha kitambaa na kuivuruga katika maji ya mwisho ili kanzu ing’ae, kwa sehemu kubwa ilikuwa ultramarini hiyo hiyo ya kiwandani. Pamba nyeupe ikizeeka huelekea umanjano. Buluu kidogo huufuta umanjano huo machoni, nasi tunasema kanzu imetakata.

Kwa hiyo Klein alikuwa na unga ambao mama yeyote wa nyumbani angeweza kuununua. Kazi yake ilikuwa wapi, basi? Ilikuwa kwenye kinachoushika unga. Ultramarini kavu, ikiwa bado unga, ina mng’ao unaovuta macho. Ukiichanganya na mafuta ya kitani kama wachoraji walivyofanya miaka yote, inazama na kuwa nzito, kwa kuwa mafuta huzunguka kila chembe na kubadilisha jinsi mwanga unavyoruka kutoka humo. Klein alishirikiana na Edouard Adam, muuza rangi wa Paris, wakapata gundi ya viwandani iliyoweza kuzishika chembe bila kuzifunika. Matokeo yake ni buluu inayoonekana kana kwamba unga umemwagwa juu ya ubao sasa hivi na haujatulia. Hakuna mng’ao wa varnishi wala alama ya brashi inayokusaidia kupima umbali. Ukisimama mbele yake, jicho linashindwa kuamua uso wa ubao uko wapi. Hilo ndilo tukio lenyewe, na kwenye kioo cha simu halipo kabisa.

Hapa kuna uvumi wa kuondoa. Inasemwa kuwa Klein “alimiliki” buluu na kwamba ilikatazwa kwa wengine. Si kweli. Mwaka 1960 alisajili mchanganyiko wake katika bahasha maalumu ya serikali ya Ufaransa, ambayo kazi yake ni kuthibitisha tarehe ya wazo. Haimzuii mtu yeyote kupaka buluu. Kelele kama hizo zilizuka tena 2016, msanii Anish Kapoor alipopewa haki ya pekee ya kutumia kisanaa Vantablack, weusi uliotangazwa na kampuni ya Surrey NanoSystems ya Uingereza 2014. Haki ile ilihusu bidhaa moja iliyotengenezwa kwa mirija midogo mno ya kaboni. Weusi wenyewe bado ni wa watu wote.

Na ule msemo wa mtoto wa darasa la pili? Mimi siudharau. Lakini kuna jambo lililotokea Amsterdam ambalo linaujibu vizuri kuliko hoja yoyote. Katika makumbusho ya Stedelijk kuna mchoro wa Mmarekani Barnett Newman wenye upana wa zaidi ya mita 5, karibu wote mwekundu, na ukanda mwembamba kila pembeni. Mwaka 1986 mtu mmoja aliukata kwa kisu. Ukapelekwa kutengenezwa, ukarudi 1991, nyufa hazionekani na wekundu upo. Watu waliokuwa wakiufahamu wakasimama mbele yake, wakasema umekufa. Uchunguzi ukaonyesha kuwa wekundu ule ulikuwa umepakwa upya, kwa rola. Newman alikuwa ameujenga kwa matabaka membamba ya rangi ya mafuta, moja juu ya jingine, mwanga ukipenya na kurudi kutoka vina tofauti. Rola iliuacha uso umelala, bila kina kile. Kwa maneno ya kawaida, rangi ilikuwa “ile ile”. Kwa macho ya waliosimama pale, haikuwa. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuijaza turubai. Kinachoonekana kati ya tabaka na tabaka ndicho kazi.

Tena si kila aliyechora rangi moja alitaka kusema jambo lile lile. Mchoraji wa Urusi Kazimir Malevich alipoonyesha mraba wake mweusi 1915 kule Petrograd, aliutundika juu kwenye kona ya chumba, mahali ambapo familia za Kirusi huweka picha takatifu. Alikuwa akitafuta kitu cha kiroho. Mwaka 2015 wataalamu waliupiga picha za miale na kukuta chini ya weusi ule kuna michoro mingine yenye rangi. Miaka sita tu baada ya Malevich, Mrusi mwenzake Aleksandr Rodchenko alitoa turubai tatu, nyekundu, manjano na buluu, kwa nia ya kuufikisha uchoraji mwisho wake. Pierre Soulages wa Ufaransa, aliyefariki 2022 akiwa na miaka 102, tangu 1979 alipaka weusi mnene na kuuchimba mifereji, na alichokuwa akichora hasa ni mwanga unaoteleza kwenye mifereji ile. Ukipita pembeni ya kazi yake, nyeusi inageuka fedha. Ukiuliza “rangi moja maana yake nini?” bila kuuliza ni ya nani, hutapata jibu.

Uvumi unaoniumiza zaidi ni ule unaosema huu ni mchezo wa Wazungu. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, wanaakiolojia wamekuta vifaa vya kusagia udongo mwekundu na makombe ya baharini yaliyotumika kuuchanganyia, vyenye umri wa miaka ipatayo 100,000. Kusaga unga wa rangi, kutafuta cha kuushika, kuupaka: kazi hiyo ilianzia bara hili. Tena wekundu ule unatokana na oksaidi ya chuma, jamii moja na unaoipa murram yetu rangi na unaobaki kwenye viatu vya kila anayepanda boda boda barabara ya vumbi.

Sisi Uganda tuna mfano ulio karibu zaidi, nao ni lubugo, kitambaa kinachotengenezwa kwa gamba la mti. Mafundi wa ukoo wa Ngonge huko Buganda wamelitengeneza kwa mamia ya miaka, na UNESCO ililitambua 2005, kisha ikaliingiza kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu 2008. Gamba la ndani la mti uitwao mutuba huvunwa msimu wa mvua, na shina lililovuliwa hufungwa majani ya mgomba ili lipone na kuota gamba jipya. Gamba hutwangwa kwa nyundo za mti zenye mifereji, kuanzia mipana hadi myembamba, chini ya kibanda kilicho wazi pembeni ili lisikauke haraka. Hutanuka mara kadhaa. Kisha hutandazwa juani, na hewa na jua huzidi kulikoleza hadi lifikie kahawia iliyoingia wekundu.

Lichukue lubugo moja, ulitundike ukutani peke yake, uulize lina rangi gani. Kahawia. Sasa sogea. Upande uliotazama jua umekolea kuliko mwingine. Mifereji ya nyundo imeacha mistari midogo inayoonekana taa ikitoka pembeni na kupotea taa ikitoka mbele. Palipokuwa na tundu, fundi ameshona kiraka, na kiraka hicho kina umri na uelekeo wake wa nyuzi. Kwenye kipande kimoja cha “kahawia” unaweza kutumia robo saa bila kurudia ulichokwisha kuona. Na malubugo ya wafalme na machifu yalitiwa rangi nyeupe au nyeusi, kwa hiyo kwenye jamii hii rangi ilikuwa ikisomwa kama cheo muda mrefu kabla hatujajenga galari.

Wasanii wetu wanalijua hili. Sanaa Gateja amefanya kazi miaka mingi kwa shanga za karatasi zilizoshonwa juu ya lubugo. Acaye Kerunen hufanya kazi na wanawake wasusi kwa nyuzi za mimea, na alikuwa mmoja wa wasanii wawili waliobeba jina la Uganda katika Biennale ya Venice 2022, maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa kule Italia, mara ya kwanza nchi yetu kuwa na banda lake kule. Banda hilo lilitajwa kwa heshima na waamuzi. Ukitazama kazi za namna hii baada ya kujua lubugo linavyotengenezwa, huhitaji mtu wa kukueleza kwa nini nyenzo yenyewe ni sehemu ya ujumbe.

Sasa umefika mlangoni. Nakushauri usianze na lebo. Ingia, simama, liache jicho lizoee, kwa sababu ndani ya jicho kuna aina tatu za chembe zinazopokea rangi, na zikikaa mbele ya rangi moja huchoka. Jaribu hili: kodolea uso wa buluu kwa nusu dakika, kisha hamisha macho kwenye ukuta mweupe. Utaona kivuli cha umanjano kikielea pale. Baada ya wekundu utaona kijani kinachoelekea buluu. Hujaugua wala hakuna aliyekuchezea. Ni chembe zilizochoka zikiwaachia nafasi zile zilizopumzika. Baadhi ya wasanii hupanga chumba wakilitegemea jambo hili, na anayepita mbio hukosa nusu ya kazi.

Sogea karibu, rudi nyuma, tembea kando. Kama galari ina madirisha, nenda asubuhi au rudi jioni, uone wekundu unavyozama mapema kuliko buluu mwanga unapopungua. Usiguse. Uso mkavu kama wa Klein haufutiki. Alama ya kidole hubaki. Baada ya hapo soma lebo, na utafute jambo moja kwanza: imetengenezwa kwa nini? Kama lebo haisemi, muulize mhudumu. Ni haki yako.

Kuhusu kupiga picha: piga kama inaruhusiwa, lakini usiihukumu kazi kwa picha hiyo. Kamera ya simu hujirekebisha yenyewe ikidhani kila mandhari ina mchanganyiko wa rangi. Ikikutana na ukuta mzima mwekundu, huona kuna kasoro na kuanza kuupunguza wekundu. Kioo cha simu nacho hujenga kila rangi kwa nukta za nyekundu, kijani na buluu, na kuna buluu kali ambazo nukta hizo hazifikii. Watu wengi wanaobishana mtandaoni kuhusu michoro hii wanabishana juu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekiona.

Limebaki jambo moja ambalo Uganda halikwepeki: kumbukumbu za watu. Msanii anaweza kusema manjano yake ni jua tu, lakini hapa vyama vya siasa vina rangi zao: manjano ni ya NRM, nyekundu ni ya NUP, buluu ni ya FDC, kijani ni ya DP. Mwaka 2019 bereti nyekundu ilitangazwa kuwa vazi la jeshi ambalo raia haruhusiwi kulivaa. Mtu hachagui shati la kwenda mjini wakati wa kampeni bila kufikiri mara mbili. Lubugo nalo, kwa Muganda aliyezika wazazi wake, ni sanda, na ni vazi la mrithi siku ya kumaliza msiba; kwa mwingine ni kitu cha madhabahu za jadi, na huenda asitake hata kulikaribia. Wanaosema kila rangi ina maana moja duniani kote, kwamba nyekundu ni upendo na nyeupe ni usafi, hawajakaa mahali pamoja vya kutosha. Msimamizi mzuri wa maonyesho hazifichi kumbukumbu hizi. Huzipa nafasi chumbani pamoja na michoro.

Ndiyo maana ningependa maonyesho ya wekundu yafanyike Kampala, na yafanyike kwa ujasiri. Yawe na udongo wa murram na matofali ya kuchoma, lubugo jipya na lililozeeka, kanzu yenye tarizi ya rangi ya damu ya mzee, michoro ya vijana wa shule ya sanaa ya Makerere, na hata nafasi tupu ya ile bereti isiyoweza kuletwa. Kila lebo iseme unga ulitoka wapi na nani aliutayarisha. Na iandikwe kwa Kiluganda na Kiswahili kando ya Kiingereza, ili fundi wa Kiyembe akiingia na nyuzi zake mkononi asome mwenyewe.